Maswali ya wakunga: mbinu mpya wodini, na mahali pa kusimama

Maswali ya safari hii yametoka wodi za wazazi za Tabora na Kigoma. Karibu yote yanauliza jambo moja: tunataka kubadilisha namna tunavyofanya kazi, tufanyeje ili mama na mtoto wasiumie wakati sisi bado tunajifunza?

Shikamooni. Tuko kituo cha afya, Nzega. Tunataka kuacha kukisia kwa macho damu anayotoka mama baada ya kujifungua na kuanza kutumia shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo. Matroni anataka kwanza tathmini ya hatari. Tunaanzia wapi?

Marahaba. Msimnung'unikie matroni, ingawa mbinu yenyewe ina ushahidi mzito. Utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, ulionyesha kwamba shuka hilo likienda pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mkupuo, madhara makubwa ya kutokwa damu hupungua kwa asilimia 60. Kilichobaki ni kujua kama itafanya kazi kwenu, saa tisa usiku, mkiwa wawili zamu na wanawake watatu wana uchungu.

Kaeni wanne: mkunga anayejua zamu ya usiku, tabibu, mtu wa stoo ya dawa na mhudumu wa wodi. Simameni kando ya kitanda, si ofisini. Piteni hatua moja moja tangu mtoto anapotoka hadi saa moja baadaye, na kwa kila hatua mjiulize inaweza kuharibikaje. Toeni alama 1 hadi 5 kwa uwezekano wa kutokea, na 1 hadi 5 kwa ukubwa wa madhara, kisha mzidishe. Chenye madhara ya 5 kishughulikiwe hata kama uwezekano wake ni 1, maana 5 mara 1 huonekana namba ndogo kwenye karatasi wakati inazungumzia kifo.

Baadhi ya mtakayoyakuta tunaweza kuwatajia. Shuka likitandikwa kabla mtoto hajatoka, maji ya uzazi yanaingia mfukoni na kipimo kinadanganya. Litandikwe mara tu mtoto akishatoka. Mkunga akisoma mfuko mara moja tu, mwishoni, faida yote imepotea. Usomwe kila dakika 15 kwa saa nzima ya kwanza, pamoja na presha, mapigo na ugumu wa mji wa mimba. Kengele inalia kwenye mililita 500, au 300 iwapo presha, mapigo au hali ya mama haiko sawa. Hapo msingoje dawa moja ishindwe ndipo mjaribu nyingine: kukanda mji wa mimba, oksitosini (ya kukaza mji wa mimba), asidi ya traneksamiki (ya kusaidia damu kuganda), dripu, na kuchunguza michaniko na kondo vinakwenda kwa pamoja.

Asidi ya traneksamiki inastahili mstari wake kwenye tathmini. Dozi ni gramu 1 kwenye mshipa kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Ampuli zenye miligramu 500 ni za kawaida, kwa hiyo zinahitajika mbili, na aliyechoka huvunja moja akadhani amemaliza. Fungeni mbili pamoja kwa plasta. Lililo baya zaidi: imewahi kuchukuliwa kimakosa badala ya dawa ya ganzi ya uti wa mgongo, wanawake wakafa, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari. Isikae trei moja na dawa za ganzi. Mahali pake ni boksi la dharura la wodi ya wazazi.

Na friji. Oksitosini inataka nyuzi 2 hadi 8. Andikeni nani anasoma kipimajoto asubuhi na jioni, na ampuli zinapelekwa wapi umeme ukikatika.

Tulipata semina ya siku mbili, Kasulu. Miezi mitatu baadaye kila mtu karudia alivyozoea. Tuombe semina nyingine?

Hapana. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilijifunza hili mapema: baada ya mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, wahudumu walifanya vizuri kwenye mwanasesere, lakini huduma kwa watoto halisi haikubadilika. Mabadiliko yalikuja baada ya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale wodini. Wazo hilo ndilo lililobebwa na mradi wa Safer Births katika vituo 30 vya mikoa mitano, Tabora ukiwemo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vimepungua.

Tengeni dakika 10 kila wiki wakati wa kukabidhiana zamu. Mtu mmoja, mwanasesere, ambu (mpira wa kumpulizia hewa asiyepumua) na saa. Je, hewa imeanza kuingia ndani ya dakika ya kwanza? Anapuliza mara 40 hadi 60 kwa dakika? Kifua kinapanda, au barakoa inavuja kwa sababu kichwa kimekunjwa? Aliyehamishiwa kwenu juzi asiachwe peke yake na mbinu mpya mpaka aifanye vizuri mara tatu mbele ya mwenzake, na jina lake liandikwe daftarini.

Mimi ni mkunga wa zahanati kando ya ziwa, Uvinza. Tunataka kuanza kumpa mama mwenye kifafa cha mimba dozi ya kwanza ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, kabla ya boti kuondoka. Wenzangu wanaogopa.

Woga wao una sababu, lakini wekeni kwenye mizani hatari ya kutofanya kitu pia. Mama anayepata degedege ndani ya boti bila dawa yuko hatarini kuliko aliyepewa dozi ya kwanza sawasawa. Mwongozo unaruhusu itolewe kabla ya rufaa. Pata idhini ya maandishi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri, inayotaja dozi na majina ya walioidhinishwa.

Hatari iko kwenye hesabu. Magnesiamu ya asilimia 50 ina gramu 1 katika kila mililita 2. Gramu 4 ni mililita 8. Ongeza maji ya sindano mililita 12 zifike 20, kisha choma kwenye mshipa taratibu, dakika 5 hadi 20. Isiingie mshipani bila kuchanganywa: inaweza kusimamisha pumzi. Halafu gramu 10 kwenye misuli, yaani mililita 10 kila tako, na mililita 1 ya dawa ya ganzi, lignokeni ya asilimia 2, katika kila bomba. Mshipa ukikataa, toa hizo gramu 10 za misuli peke yake, na safari ianze.

Bandikeni hesabu hiyo ukutani kwa maandishi makubwa. Kalsiamu glukoneti, dawa ya kutegua magnesiamu ikizidi, mililita 10 za asilimia 10, isafiri mfuko mmoja na mgonjwa, pamoja na ambu. Dozi inayofuata, baada ya saa 4, haitolewi kama pumzi ziko chini ya 16 kwa dakika, goti haliruki likigongwa, au mkojo haufiki mililita 30 kwa saa. Pigeni 115, namba ya usafiri wa dharura wa akina mama na watoto wachanga, kabla ya kuchanganya dawa, ili gari lingoje mwaloni. Andikeni saa ya kila sindano kwenye fomu ya rufaa, maana anayepokea asiyeijua saa hurudia dozi.

Urambo: tunahitaji kibali cha utafiti?

Mkitekeleza mwongozo wa taifa na kupima kazi yenu wenyewe, hapana. Mkigawa akina mama makundi ili mlinganishe, au mkikusudia kuchapisha, ombeni kibali cha maadili NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla ya mama wa kwanza, si baada.

Tumeanza, Kibondo. Tutajuaje kwamba tusimamishe?

Hilo huandikwa kabla ya kuanza, wakati vichwa vimetulia. Anzeni na akina mama kumi, zamu ya mchana. Pimeni mnachotaka kiboreke na pia kinachoweza kuharibika kwa sababu yake, kwa mfano mtoto kucheleweshwa kunyonya. Simameni kifo au dhara kubwa likitokea, dawa ya kuokoa ikiisha, au zamu mbili mfululizo zikiruka kipimo. Mkunga yeyote wa zamu awe na ruhusa ya kusimamisha bila kumwamsha mtu. Aandike saa na sababu, utaratibu wa zamani urudi zamu hiyohiyo, na timu ikutane ndani ya saa 48. Vifaa vya zamani visiondolewe wodini mpaka miezi mitatu ipite.