Mteremko wa duka: pima kwanza, zege baadaye

Mwanza ni mji wa mawe na miinuko, kwa hiyo duka la Mabatini au Igogo kuwa na ngazi mlangoni si ajabu. Tabu ni kwamba mwenye ulemavu anayetumia baiskeli ya magurudumu matatu au kiti mwendo (kiti cha magurudumu) anabaki nje akipaza sauti kuuliza bei, na anaondoka na alicholetewa, si alichochagua. Hata muuzaji awe mkarimu vipi, hiyo si huduma sawa.

Dawa ni mteremko wa zege mlangoni, lakini materemko mengi yanajengwa makali, kana kwamba ni ya kupandishia pikipiki. Kanuni ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kimo inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sm 15 inataka sm 180. Ngazi tatu zinataka mita 5.4, na hapo ndipo fundi hushawishika kufupisha. Usikubali. Nafasi ikiwa finyu, kunja mteremko ufuate ukuta, uweke sehemu bapa ya mita 1.5 kwa 1.5 kwenye kona na nyingine mbele ya mlango. Bila hiyo ya mlangoni, mtu anavuta kitasa huku kiti kinarudi nyuma. Upana uwe sm 120, na pembeni kingo ya sm 10 ili gurudumu lisichomoke.

Jaza mawe chini ili upunguze saruji (na mawe hapa hatuyafuati mbali). Changanya 1:2:4: saruji, mchanga, kokoto. Niru (saruji laini ya kung'arisha sakafu) na marumaru zikatae kabisa, mvua ikinyesha zinateleza. Zege likianza kushika, pitisha fagio gumu kukingama mteremko, kisha mwagilia maji siku 7.

Kinachosahaulika ni mfuniko wa mtaro kati ya barabara na duka. Nondo zikilala kuelekea mlangoni, gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo linazama katikati na aliyekaa anarushwa mbele. Zikingame, mwanya usizidi sm 1.3. Slabu nzima ni bora zaidi.

Mwenye nyumba akisita, mkumbushe Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010: kufikika kwa majengo yanayohudumia umma ni haki, si hisani.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe mtumiaji wa kiti apande mwenyewe bila kusukumwa. Na bodaboda zisiegeshwe chini ya mteremko.