Kabla chama hakijaita mapinduzi, pitia matawi yaliyogoma mara ya mwisho

Vijana wa kikundi chetu cha kusoma siasa huniuliza: chama cha kisoshalisti kikitolewa serikalini, kishike njia gani? Mimi ni mtu wa chama cha wafanyakazi, nimesimamia migomo iliyofaulu na iliyokufa, na huwa nawapeleka Hispania ya 1931 hadi 1934.

Jamhuri ilipotangazwa Aprili 1931, Wasoshalisti wa chama cha PSOE waliingia serikalini. Francisco Largo Caballero, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi la UGT, akawa waziri wa kazi. Vibarua wa mashamba wakapata siku ya kazi ya saa nane na mabaraza ya usuluhishi. Wenye mashamba wengi walizipuuza sheria hizo, na baada ya PSOE kupoteza karibu nusu ya viti vyake katika uchaguzi wa Novemba 1933, wakapunguza ujira bila woga. Kibarua mwenye njaa akiomba kazi, anajibiwa: "Kaleni Jamhuri!" Largo Caballero, aliyezitunga sheria zile, akageukia mapinduzi.

Hasira yake naielewa vizuri. Nimekaa meza moja na mwajiri aliyesaini mkataba wa hali bora, kisha akaukana hata wino haujakauka. Ushauri wangu unahusu kilichofuata.

Juni 1934 vibarua wa mashamba wa UGT waligoma. Wenzao wa mijini hawakugoma nao. Maelfu walikamatwa, ofisi zao zikafungwa. Oktoba, CEDA, muungano wa mrengo wa kulia wa Kikatoliki, ilipopewa mawaziri watatu, Wasoshalisti wakaita mgomo mkuu wa mapinduzi, na mashamba ya kusini karibu yote yakanyamaza. Nani angesimama, na viongozi wao wako ndani? Asturias, kaskazini, ndiko wachimba makaa, Wasoshalisti na wanaanakia (wanaopinga dola yoyote) pamoja, walikopigana kwa baruti za migodini takriban wiki mbili, hadi vikosi vilivyoletwa kutoka Moroko vikawazima. Waliokufa walizidi elfu moja.

Kwa hiyo, kabla hujanyoosha mkono kupitisha azimio kali, nenda kwenye tawi lililogoma mara ya mwisho. Uliza wangapi wamerudishwa kazini, nani analipia kesi zao, na matawi jirani yalifanya nini siku ile. Ukikuta wameachwa peke yao, omba azimio liahirishwe, na hela ya vipeperushi iende kwa mawakili na familia zao kwanza.