Modeli za 3D za Kaole: tufute picha tubaki na OBJ?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko maktaba ya chuo hapa Bagamoyo. Mwalimu mmoja wa malikale na wanafunzi wake walipiga picha makaburi ya Kaole na milango ya nakshi ya Mji Mkongwe, wakatengeneza modeli za 3D, wametuletea kwenye eksitano (diski ya nje) ya tera moja tuwahifadhie. Imejaa. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema tufute mapicha yote (ni kama elfu nne), tubaki na OBJ tu (yale mafaili ya umbo la 3D), tuzipandishe kwenye tovuti ya bure, eti hapo ni salama maisha. Bosi ameshakubali, imebaki saini yangu. Nisaini?

JIBU: Marahaba. Usisaini, na hiyo eksitano ifungie kabatini kwanza.

Hii ya "picha za nini wakati modeli ipo" nakutana nayo kila mahali na nishachoka nayo. Jamani, modeli sio data, modeli ni jibu la hesabu. Programu imechukua zile picha, ikatafuta nukta zinazofanana, ikapiga mahesabu, na pale ilipokosa ikaziba yenyewe kwa kukisia. Ile nguzo ya Kaole yenye vishimo vilivyokuwa na mabakuli ya kichina, angalia kwenye modeli, mara nyingi kishimo kimelainishwa kingo kama kimepigwa plasta juzi. Sasa kesho kutwa anakuja mtu wa kukarabati anataka kujua chokaa ilikuwa imepasuka wapi mwaka huu, utamuonyesha nini? Kwenye picha ufa upo. Alafu programu zinaboreka kila mwaka, picha zilezile ukizirudisha baadae zinakupa modeli nzuri kuliko ya leo, ila modeli huwezi kuirudisha ikawa picha hata ufanyeje. Ni sawa na kubaki na fotokopi ukachoma orijino.

Na hiyo OBJ yenyewe fanya hivi. Kopi hilo faili moja peke yake, peleka kompyuta nyingine, fungua. Utaona kaburi la kijivu halina rangi, kwa sababu rangi haikai ndani ya OBJ, inakaa kwenye faili za picha za pembeni, na kinachoziunganisha ni kafaili kadogo ka MTL. Kafungue na Notepad, tafuta mstari unaoanza na map_Kd, ndio unaotaja picha ya rangi iko wapi. Sitashangaa ukikuta pameandikwa D:\ kisha jina la folda ya laptop ya mwanafunzi ambaye keshahitimu. Tena OBJ haitunzi vipimo, namba 5 inaweza kuwa mita au milimita, ndo maana naulizia kila siku ile rula iliyowekwa pembeni ya kaburi wakati wa kupiga, na urefu wake umeandikwa wapi, na kamera gani, tarehe gani, nani aliruhusu, maana milango ile ni ya nyumba za watu. Bila hayo una mdoli tu wa kwenye kioo. Fomati ni suala dogo, OBJ iache, ongeza na glTF, fomati nyingine ya 3D ambayo tangu 2022 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, mambo yaende.

Sasa hao wa "salama maisha". Google walikuwa na Poly, watu wakajaza modeli zao bure, tarehe 30 Juni 2021 ikafungwa. Google hao, sio duka la stationari. Tovuti ya kuonyeshea ni ya kuonyeshea, weka hata leo wanafunzi wafurahi, lakini akaunti iwe ya maktaba, sio ya kijana wa kompyuta, na usiihesabu kama kopi. Yeyote anayekuuzia uhifadhi wa milele muulize atajuaje faili limeharibika. Akikuambia "nitalifungua nione" muage kwa heshima. Kila faili linatakiwa liwe na namba yake ya SHA-256, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo kama alama ya kidole, inaandikwa siku ya kupokea, inahakikiwa tena kila baada ya muda, bit moja ikigeuka unajua. Kopi tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali na hapo pwani kwenu, chumvi na umeme wa kukatika haviheshimu diski.

Kuhusu nafasi, mwambie bosi apige hesabu. Picha RAW (ghafi kutoka kwenye kamera) elfu nne za MB 30 ni kama GB 120. Kilichojaza tera sio picha, kwa uzoefu wangu ni mafaili ya katikati, zile ramani za kina (depth maps, za umbali kutoka kwenye kamera) ambazo programu inatengeneza wakati wa kuchakata, na hizo zinaweza kutengenezwa upya. Hizo ndo zifutwe, ila mwite mwalimu azifute kutoka ndani ya programu baada ya kutoa ripoti ya uchakataji kwa PDF, asiingie kijana kwenye folda kufuta kwa mkono, akigusa pasipotakiwa mradi wote haufunguki.