Maswali ya Nyumba: Kamera ya Joto Si Macho ya Mganga

Kamera ya joto inaweza kuonyesha bomba lililofukiwa ukutani? (Msomaji, Tabata)

Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Kamera inasoma joto la uso wa ukuta, basi. Bomba la maji ya moto lililo karibu na plasta litachora mstari ukifungulia maji dakika kumi. Bomba la maji baridi lenye joto sawa na ukuta hulioni hata ulie.

Nina laki tano. Ninunue kamera gani?

Nunua kipima unyevu chenye pini, chenji rudisha nyumbani.

Dari ya sebule, gorofa ya pili, ina doa la njano. Mkaguzi alipiga picha mchana, kiangazi, akasema hakuna unyevu. Nimlipe? (Upanga)

Mlipe nauli. Sehemu iliyolowa huonekana ya baridi kwa sababu maji yanapokauka hubeba joto. Yakishakauka yote, kamera inaona dari tu. Juu yako si kuna bafu la jirani? Muombe azibe tundu la sakafuni, amwage maji yasimame, kisha dari ipigwe picha kila baada ya saa moja. Kwa slabu ya paa yenye lami, fanya kinyume: subiri jua lizame. Maji hushika joto kuliko zege, kwa hiyo palipolowa chini ya lami hubaki pa moto wakati pengine pameshapoa.

Na picha peke yake haitoshi. Mimi mwenyewe niliwahi kukuta kwenye kamera doa la bluu, yaani la baridi, kwenye dari ya chumba cha kulala, limetanuka kama upepeo, nikamwambia mwenye nyumba aite fundi bomba avunje. Dada wa kazi akauliza, "Si AC hiyo inapuliza hapo?" Tukaizima. Baada ya dakika ishirini doa halipo. Tangu siku hiyo sisemi neno "unyevu" kabla pini hazijagusa plasta.

Bati linaniunguza mkono, kamera inasema ni la baridi. Imeharibika?

Nzima. Bati jipya linalong'aa hutoa mionzi kidogo ya joto lake na kuakisi ya vitu vingine, hivyo unapima anga. Bandika kipande cha selotepu nyeusi ya umeme, subiri kidogo, pima hapo. Kioo cha dirisha nacho kitakuonyesha sura yako mwenyewe.

Fundi alikagua kwa kamera boksi la breka za umeme tukiwa tumezima kila kitu kwa usalama. Akasema liko sawa.

Akague nini sasa? Mkondo usipopita hakuna joto. Ukiongezeka mara mbili, joto kwenye kiungo kilicholegea huongezeka mara nne. Washa AC, pasi na hita ya maji nusu saa, halafu linganisha breka na jirani yake yenye mzigo kama wake. Skrubu iliyolegea huwaka kwenye ncha tu, waya ukipoa kadiri unavyokwenda mbali. Waya wenye moto mwanzo hadi mwisho ni mwembamba kwa mzigo uliobebeshwa, na kukaza skrubu hakutausaidia. Kifuniko lazima kifunguliwe, kwa sababu kamera haipenyi plastiki ile, na mfunguaji awe fundi umeme mwenye leseni, si yule aliyekupakia rangi.

Dalali amenipa ripoti ya nyumba yenye picha nyingi za rangi za kamera ya joto. Ninunue?

Angalia namba pembeni mwa picha. Tofauti ya nyuzi 2 inaweza kupakwa nyekundu na bluu ikatisha kama moto na barafu. Kama hakuna picha ya kawaida ya ukuta huohuo, saa, na maelezo kama AC ilikuwa imewashwa, hayo ni mapambo. Halafu nusa rangi: ikiwa mbichi kwenye ukuta mmoja tu, uliza kwa nini.

Inaona mchwa?

Gonga fremu ya mlango kwa mpini wa bisibisi. Ikilia tupu, wameshakula.