Chinatown ya San Francisco: usiishie Grant Avenue

Mkuu, umeuliza kama Chinatown, ule mtaa wa Wachina wa San Francisco, Marekani, inastahili nusu siku, maana umeambiwa kuna maduka ya fulana na sumaku za friji tu. Naishi Oakland, ng'ambo ya ghuba, mwaka wa kumi na moja sasa, na wageni wangu wote kutoka nyumbani nimewapeleka pale. Nenda. Ila aliyekwambia hivyo nadhani aliishia Grant Avenue, barabara ya watalii.

Panda BART, treni ya mjini, ushuke kituo cha Montgomery, utembee mpaka kona ya Bush na Grant. Pale kuna lango la mwaka 1970 lenye majoka juu ya paa. Piga picha yako, kisha endelea kupanda. Vaa viatu vya kutembelea, kile ni kilima kweli.

Kona ya California Street simama. Utaona majengo mawili yenye mapaa yaliyopinda ncha, Sing Chong na Sing Fat. Mara ya kwanza niliyapita nikidhani ni mapambo ya kuvutia watalii. Ni mapambo kweli, ila yaliokoa mtaa. Aprili 1906 tetemeko na moto viliteketeza Chinatown yote, na majivu hayajapoa wakubwa wa jiji wakawa wanapanga kuwahamishia Wachina Hunters Point, kule kusini pembezoni, kwa sababu ardhi hii ya katikati ya jiji ilikuwa inatamaniwa. Sisi tuliokulia mijini tunaijua hadithi hiyo. Wafanyabiashara wa Kichina, Look Tin Eli akiwa mbele yao, wakawahi kujenga. Wakawaajiri wasanifu wa Kizungu wawachoree mapaa ya pagoda, ili jiji lenyewe lione kwamba mtaa huu utaleta wageni na fedha. Wakabaki, na wapo mpaka leo.

Panda tena hadi Stockton Street, inakwenda sambamba na Grant. Huko ndiko wenyeji wananunua: samaki hai kwenye matangi, bata wa kubanika wananing'inia dirishani, mboga za majani zimemwagwa mpaka njiani, bibi wa miaka themanini anakupiga kikumbo bila kugeuka. Mimi hujiona niko Kariakoo Jumamosi. Lugha ni Kikantoni, Kiingereza kidogo. Onyesha kwa kidole na uwe na fedha taslimu. Kama huli nguruwe, uliza kabla ya kutia kitu mdomoni, maana maandazi mengi ya mvuke yana nguruwe ndani, na hata yale ya kamba huchanganywa nguruwe mara nyingine.

Kati ya mitaa hiyo miwili kuna vichochoro. Ross Alley wanakunja kwa mkono vile vibiskuti vyenye karatasi ya ubashiri ndani, tangu 1962. Waverly Place kuna hekalu la Tin How, ghorofa ya juu kabisa, ngazi tupu. Ni la mungu wa kike wa bahari, ambaye wahamiaji walimshukuru kwa kuwavusha Pasifiki salama. Ndani usipige picha, na acha chochote kwenye sanduku la sadaka.

Sasa kinachonirudisha mimi pale kila mara. Mwaka 1873, mtaa wa Sacramento, alizaliwa Wong Kim Ark, ambaye baadaye alikuwa mpishi. Mwaka 1895 alirudi kutoka kusalimia China akazuiwa bandarini, akakaa miezi melini, akiambiwa si raia kwa kuwa wazazi wake ni Wachina. Wakati huo sheria ya 1882 ilikuwa inawafungia mlango vibarua wa Kichina, na Mchina mhamiaji hakuweza kupewa uraia. Kijana akaenda mahakamani. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ikaamua kwamba aliyezaliwa kwenye ardhi ya Marekani ni raia, hata kama wazazi wake hawawezi kuwa raia kamwe. Binti yangu alizaliwa Oakland mimi nikiwa na viza ya masomo. Pasipoti yake ilitolewa bila swali, na kabla ya kuisoma kesi ile sikujua kuna mtu alikaa melini kwa ajili hiyo.

Binti yangu alipofika miaka tisa nilimpeleka Sacramento Street. Akauliza nyumba ya huyo mpishi ni ipi. Nikamwambia mtaa mzima uliungua, haiwezi kuwa imebaki. Akachagua mlango mmoja mwekundu, akasema basi tuseme ni huu, akataka nimpige picha mbele yake.

Ukija na watoto, anzia makumbusho ya historia ya Wachina wa Marekani, 965 Clay Street, kwenye jengo zuri la matofali alilolisanifu Julia Morgan. Angalia kwanza siku wanazofungua, si kila siku.