Haidrojeni ya kijani kwenye magari? Kuna pa kuipeleka kwanza

Umeuliza kwa nini magari yote yasitumie haidrojeni ya kijani, yaani gesi inayopatikana kwa kutenganisha maji kwa umeme wa nishati jadidifu kama jua na upepo. Shida ni hasara ya njiani. Kutenganisha maji hula kama uniti (kWh) 50 hadi 55 za umeme kwa kila kilo ya haidrojeni, na kilo hiyo hubeba nishati ya uniti 33 tu. Hapo bado hujaigandamiza, hujaisafirisha, wala hujaigeuza tena kuwa umeme ndani ya gari. Kwa magari madogo, betri inaishinda mchana kweupe.

Inafaa pale betri isipofika: kuzalisha chuma bila makaa ya mawe, amonia ya mbolea, na meli za masafa marefu (huko afadhali kuigeuza kwanza kuwa amonia au methanoli, maana haidrojeni yenyewe huwa kimiminika kwenye nyuzi -253 za Selsiasi, balaa kuihifadhi). Na umeme ukitoka kwenye makaa, usiiite ya kijani.