Maswali ya Wasomaji: Picha za usiku bila stendi

SWALI: Ndugu mhariri, natumia Canon EOS 1300D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55mm. Nikipiga watu sokoni Mwanjelwa giza likishaingia, bila stendi, picha zinatoka zimetikisika. Nikipandisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) zinajaa chembechembe. Nimedunduliza hela kidogo. Ninunue bodi ya fremu kamili, yaani kamera yenye sensa (kinasa mwanga) kubwa zaidi, au lenzi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Lenzi. Hiyo uliyonayo ukiivuta hadi 55mm, tundu lake la kuingiza mwanga haliwezi kufunguka kuzidi f/5.6 (namba ikipungua, tundu linakuwa kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Kwa hiyo pale ulipokuwa unapata kasi ya shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/10 ya sekunde kwa ISO 3200, utapata 1/100 kwa ISO ileile. Kasi hiyo mkono unaimudu: kwa sensa ya 1300D zidisha urefu wa lenzi kwa 1.6, 50 inakuwa 80, basi usishuke chini ya 1/80.

Fremu kamili ina sensa yenye eneo mara 2.6 hivi ya yako. Faida ipo, lakini haifikii ya lenzi. Isitoshe, 18-55mm yako ni EF-S, aina iliyotengenezewa sensa ndogo, na haikai kwenye bodi za DSLR (kamera zenye kioo ndani, kama yako) za Canon za fremu kamili, kwa hiyo lenzi ungenunua tu.

Ila kabla hujalipa, fungua picha zako za zamani uone unapiga zaidi kwa urefu gani. Kama nyingi ni za 24mm, lenzi yako hapo inafunguka hadi f/4 hivi. Ukinunua 24mm f/2.8 umeongeza mwanga mara mbili tu, na utaona umepigwa. Kwenye vichochoro vya soko 50mm inabana, itabidi urudi nyuma hadi ugonge meza ya mtu. 35mm f/2 inafaa zaidi, ingawa bei yake imechangamka.

Jiandae pia kwa tatizo jipya. Kwa f/1.8, mtu akiwa mita 3 kutoka kwako, sehemu inayotoka kali ni kama robo mita tu. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itashika nyanya za mbele na sura ya muuzaji ipotee. Tumia nukta ya fokasi ya katikati, iweke kwenye jicho. Piga RAW (faili ghafi la kamera), na usiogope ISO 3200: picha iliyopigwa giza kwa ISO 800 kisha ikang'arishwa kwenye kompyuta haikupunguzii chembechembe.

SWALI: Nimenunua lenzi yenye mfumo wa kuzuia mtikisiko. Majengo yanatoka safi hata kwa 1/15, lakini bodaboda na wapita njia wanatoka kama moshi. Ni mbovu?
Msomaji, Iringa

JIBU: Nzima kabisa. Mfumo huo unatuliza mikono yako, haumtulizi mwenye bodaboda. Anayetembea anahitaji walau 1/125, pikipiki 1/250 au zaidi, na kasi hiyo ya shata inaletwa na tundu kubwa au ISO ya juu. Hapo kuna mtego: umeme wetu ni wa 50Hz, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/250 picha moja inatoka sawa, inayofuata giza au njano. Piga tatu nne mfululizo uchague. Kwa watu waliosimama, 1/100 au 1/50 inamaliza tatizo.

SWALI: Taa za barabarani zinaacha vidoa vya kijani upande wa pili wa picha. Ni lenzi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Mara nyingi ni kichujio cha UV cha bei rahisi, kile kioo kinachofungwa mbele ya lenzi: mwanga unadunda kati yake na kioo cha lenzi. Kifungue usiku. Na msimu wa baridi, ukitoka nje kuingia ndani penye joto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kama nusu saa, la sivyo kioo kitalowa umande.